Kitabu cha Wilf Hakifunguliwi

Nikutegee. Tumeongea kutwa nzima mimi na wewe, tumechekana, tumegombana, tumepatana tena, na sikio langu halikupata neno, wala lako. Bubu si mimi, kiziwi si wewe. Sisi ni nani? Ukishindwa usinipe mji, mji nitaupeleka wapi. Nipe sikio lako tu, na jibu utalikuta njiani.

Enoch Duxbury alilijua jibu hilo tangu ana miaka kumi na miwili, siku aliyoingizwa kiwandani Ramsclough kufuma pamba. Mle ndani mitambo mia tisa hulia kwa pamoja mpaka sakafu inatetemeka na meno yanagongana. Anayepaza sauti pale anajichosha koo bure. Basi wafumaji husema kwa midomo. Wanaikunja, wanaitanua, wanaliumba kila neno mbele ya meno kama mtu anayeumba tonge, na aliye upande wa pili wa ukumbi analisoma kama alivyoandikiwa. Kwa njia hiyo watu wa Ramsclough wametongozana, wamesengenyana, na wamemtukana msimamizi huku wakimchekea usoni.

Vita ilipokuja walijiandikisha kwa mitaa, mtaa huu na mtaa ule, wakajikuta kompani nzima ni wafumaji. Sajini wao, Tattersall, alikuwa fundi wao wa mitambo tangu kiwandani, na alizoea kuwafokea toka zamani. Enoch alipuliza tarumbeta kubwa katika bendi ya kikosi, na kwa desturi ya jeshi lile, wapiga bendi ndio wabeba machela. Kwa hiyo mwezi wa tano wa mwaka 1916, huko kaskazini ya Ufaransa, tarumbeta lilikuwa limelala bohari, na Enoch alikuwa handakini na bendeji mfukoni, akisubiri watu waumie.

Jirani yake wa mtambo kwa miaka kumi na mmoja alikuwa Wilf Catlow. Mrefu, mwembamba, mvivu wa kuinuka na mwepesi wa kucheka. Wilf alikuwa akimchumbia Hannah, dada yake Enoch, kwa miaka saba. Kila Jumapili, kanisa likitoka, wawili hao walipanda kilima mpaka kwenye bwawa, wakashuka, Wilf akaketi mezani kwa mama Duxbury, akala pai ya viazi mpaka akafuta sahani kwa mkate, akashukuru, akaenda kwao. Neno la ndoa halikutoka. Hannah alifundisha shule ya kanisa, na pale sheria ilikuwa moja: mwalimu wa kike akiolewa, anakabidhi chaki. Mama alisema huenda ndiyo sababu. Enoch alisema sababu ni pai.

Sasa kuna jambo moja la desturi ulijue, maana hadithi yote imening'inia hapo. Kila askari alikuwa na kitabu kidogo cha rangi ya hudhurungi: jina lake, namba yake, na ukurasa wa mwisho ambamo huandika vitu vyake amwachie nani akifa. Anayetoka mbele ya handaki hakibebi, adui asije akakiokota akajua kikosi gani kiko mbele yake. Anamwachia mwenzake. Na katika kompani ile, kitabu cha mtu hakifunguliwi maadamu mwenyewe anapumua. Kukifungua ni kumchimbia kaburi. Mmoja aliwahi kuchungulia akitafuta kibiriti, na mwenye kitabu hakurudi. Tangu hapo hata wale wasioamini Mungu waliamini hilo.

Alfajiri moja yenye ukungu watu wanane walitakiwa kwenda kuziba seng'enge iliyochanwa na makombora. Wilf alikuwa mmoja wao. Alitoa kitabu chake akamnyooshea Enoch.

"Shika, shemeji."

"Nani shemeji yako?" Enoch alisema. "Shemeji ni mtu aliyeoa. Wewe ni mgeni wa Jumapili."

"Mgeni anayekula vizuri. Mama mwenyewe kasema."

"Mama ana adabu. Wilf, nakuuliza, na hii iwe mara ya mwisho. Utamwoa dada yangu, au nimwandikie atafute mwingine?"

Wilf alimtazama. Akakwangua tope kwenye koleo lake la kukatia waya.

"Watu wa seng'enge, mbele," Sajini Tattersall alinong'ona kutoka konani. "Mambo ya harusi mtayamaliza mkirudi."

"Nikirudi nitakujibu," Wilf alisema. "Kitunze. Na usichungulie."

Walitoka wanane. Ukungu ukawa mzito, kisha upepo ukauchana ghafla kama mtu anayevuta pazia, bunduki ya rashasha ikalia upande wa Wajerumani, na walioanguka tena ndani ya handaki walikuwa saba.

Jua lilipopanda, Sajini aliinua sanduku la vioo linalomwezesha mtu kuona juu ya magunia ya mchanga bila kutoa kichwa. Alitazama muda mrefu.

"Shimo la kombora, hatua thelathini," alisema mwishowe. "Naona buti."

"Linachezacheza?"

"Buti ni buti, Duxbury. Sikuliuliza."

Enoch hakungoja. Chini ya ukuta wa magunia palikuwa na tundu la kutolea maji, pana kama mlango wa tanuri, limefichwa kwa nje na gari la shamba lililovunjika na majani marefu. Alilala kifudifudi kwenye tope, akatambaa mpaka uso ukafika kwenye mwanga. Ukingo wa shimo la kombora ulikuwa umemomonyoka upande huu. Akamwona Wilf amelala chali, kichwa upande wa adui, kidevu kifuani, mguu wa kushoto umefungwa kwa kitambaa alichojivua kwenye muundi. Kitambaa kilikuwa kimelowa damu.

Enoch hakuthubutu kutoa hata pumzi yenye sauti. Alitanua midomo, akaumba neno, *Wilf.*

Macho ya Wilf yalizunguka, yakapita, yakarudi, yakatua. Midomo yake ikafanya kazi.

*Umechelewa. Chai iko wapi?*

Unaona sasa kitendawili chetu. Kati ya watu wale wawili palikuwa na hatua thelathini za kifo, na hapakupita sauti hata moja, na waliongea kama walivyoongea miaka kumi na mmoja juu ya mitambo. Wilf alieleza yote. Risasi ilimvunja mfupa juu ya goti. Damu imepungua lakini haijakata. Nyuma ya kisogo chake, hatua chache tu, Wajerumani wana kijihandaki cha mbele. Anawasikia wakikohoa. Akiita watamrukia, au watamtupia bomu la mkono kama mtu anayemtupia mbwa mfupa.

Enoch alirudi kinyumenyume, akamweleza Sajini, na Sajini akamleta Luteni Fairholme. Huyu alikuwa kijana wa kusini, mpole, mtoto wa mwanasheria, mgeni wa wiki tatu.

"Umesikiaje haya yote?" Luteni aliuliza. "Mimi nipo hapa na sikusikia kitu."

"Sikusikia, afande. Nimeona."

Luteni alimtazama Sajini. Sajini akakuna shingo. "Ni kweli, afande. Hawa wanaongea kama samaki. Mimi wamenitukana hivyo kwa miaka, wakidhani sijui."

"Basi mwambie asubiri giza. Mchana huu sipotezi watu watatu kumwokoa mmoja." Halafu akaongeza kwa upole, "Kitabu chake unacho wewe? Nipe. Kama... yaani nitahitaji kuwaandikia watu wake, nijue ni nani."

Mkono wa Enoch ulikwenda kifuani, juu ya mfuko. Si kwa kukitoa.

"Samahani, afande. Bado anapumua."

"Ni amri ya kawaida tu, Duxbury."

"Anapumua, afande."

Sajini Tattersall alikohoa. "Afande, kuna chai kule inapoa," alisema, akamgeuza Luteni taratibu kama anavyogeuzwa ng'ombe asiye na ubaya, wakaondoka.

Enoch akarudi tunduni kupeleka habari ya giza. Wilf aliisoma mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kidogo, kidogo sana.

*Giza halitafika,* midomo ilisema. *Wanachimba.*

*Wanachimba nini?*

*Wanakuja huku. Asubuhi majembe yalikuwa mbali. Sasa nayasikia chini ya sikio. Alasiri watakuwa wamekaa mapajani kwangu.*

Enoch alirudi kinyumenyume tena. Safari hii Luteni alipoambiwa hakubisha. Alikaa juu ya sanduku la risasi, akafikiri, akauliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile.

"Wanakula saa ngapi?"

"Afande?"

"Mtu anayechimba lazima ale. Wakiwa na sahani mkononi hawana jembe wala bunduki. Rafiki yako anawasikia. Akisikia sahani atuambie. Mpaka hapo tupanue hilo tundu."

Basi wakaanza kutoa magunia ya mchanga, moja moja, kwa mikono mitupu, kama mtu anayeiba mayai chini ya kuku. Kila gunia lilipokezanwa na watu wanne. Hakuna kati ya hao wanne aliyevaa buti. Enoch alilala katikati yao, uso nje, kazi yake ni moja: Wilf asilale. Maana ugonjwa wa maneno ya midomo ni huo, mtu akifumba macho umemkosa, na huna sauti ya kumwamshia. Na Wilf alikuwa anakoroma akilala. Kijiji kizima kilijua.

*Tega,* Wilf aliomba. Rangi yake ilikuwa kama unga wa ngano.

*Ana meno mia tano na hajawahi kutafuna.*

*Kitana cha mtambo. Watoto wa darasa la Hannah wangejibu. Kingine.*

*Anaingia mnene, anatoka mwembamba, na hajaugua.*

*Pamba ikiwa uzi. Enoch, utaniua kabla ya Wajerumani.*

*Haya, hiki kigumu. Miaka saba anabisha hodi. Haingii, haondoki.*

Wilf alitabasamu upande mmoja. *Huyo namfahamu. Mtu mzuri sana.*

*Jibu basi. Utamwoa?*

*Nilisema nikirudi. Nimerudi?*

*Uko hatua thelathini, shetani wewe.*

*Basi swali nalo liko hatua thelathini.*

Saa tano ikapita. Magunia tisa yalikuwa yametoka, yamebaki matatu. Enoch aligeuka kupokea kipande cha keki ya tangawizi aliyoituma mama yake, maana hakuwa ameweka kitu kinywani tangu jana, na alipogeuka tena macho ya Wilf yalikuwa yamefumba.

*Wilf.* Alitanua midomo mpaka taya likauma. *Wilf. Wilf.*

Kitu gani hicho, kumwita mtu aliyefumba macho kwa midomo? Ni kama kumwandikia barua kipofu. Kichwa cha Wilf kilianza kuegama. Mdomo wake ukafunguka kama wa mtu anayejiandaa kukoroma.

Enoch alikuwa na kopo la tumbaku, kifuniko chake king'avu. Jua lilikuwa bado upande wa Wajerumani, halijafika utosini. Alijua kifuniko kile kingemrudishia Wilf jua usoni. Alijua pia kwamba jua halichagui. Litamulika na jicho la mlenga shabaha. Wenzake waliona alichotaka kufanya. Sajini Tattersall akamshika kifundo cha mguu, akakibana, lakini hakumvuta.

Alitoa kifuniko, akakigeuza mara moja. Doa la mwanga likaruka juu ya majani, juu ya buti, likapanda kifuani, likatua kwenye kope. Sekunde moja. Akakizima chini ya kiganja.

Risasi ililia. Ubao wa lile gari bovu ukapasuka juu ya kichwa chake na vibanzi vikamwangukia shingoni.

Majembe yakanyamaza. Ndani ya handaki watu waliganda na gunia mikononi, mmoja ameinama, mmoja amechuchumaa, hakuna aliyeliteremsha. Enoch alihesabu pumzi zake. Nzi alitua juu ya jicho lake, akamwacha. Kule shimoni Wilf alikuwa amefumbua macho na haelewi kwa nini, ila alielewa kutosha asisogee.

Kisha, taratibu, midomo yake:

*Mmoja anasema. Mwingine anacheka. Wanadhani wamepiga panya.*

*Na majembe?*

*Ngoja.* Kope zikapepesa. *Yameanza. Enoch, yako karibu sana.*

Gunia la kumi, la kumi na moja. Wakati wa kutoa la kumi na mbili mchanga ulimwagika, ukatoa sauti kama mvua juu ya majani, na kila mtu akamtazama aliyelishika kwa macho ambayo hayakuhitaji midomo. Hakuna kilichotokea. Tundu sasa lilimtosha mtu na mzigo. Enoch alijifunga kamba kiunoni, akakunja turubai chini ya kwapa. Mpiga bendi mwenzake, Lomax wa ngoma kubwa, akashika mwisho wa kamba.

"Ukikwama tutakuvuta," Lomax alinong'ona. "Ukifa pia tutakuvuta. Turubai ni la serikali."

Enoch alikuwa amemkazia Wilf macho. Midomo ya Wilf ilikuwa imekauka, inapasuka, na sasa ilikuwa inasita kama mtambo unaoishiwa uzi.

*Wamesimama,* ilisema. *Mtu amekuja. Kitu cha bati.*

Enoch hakupepesa.

*Bati tena. Vijiko.* Kisha neno moja, limeumbwa vizuri, kama la mwalimu ubaoni: *Wanakula.*

Akatoka.

Hatua thelathini kwa miguu ni kitu gani? Ni kutoka mlango wa kanisa mpaka geti. Kwa tumbo ni nchi nzima. Alipita chini ya gari, akapita kopo la nyama lililooza, akapita kitu kingine ambacho hakukitazama. Ile seng'enge mpya waliyoifunga alfajiri ilikuwa na mlango mdogo upande wa kushoto, na alimshukuru Mungu kwamba aliyeufunga ule waya ni Wilf, maana Wilf hukaza kila kitu nusunusu. Akaingia shimoni. Sasa hata yeye aliwasikia: kijiko juu ya bati, mtu anapuliza mchuzi wa moto, mtu anacheka kwa pua. Walikuwa karibu kiasi cha kuombana chumvi.

Akatandaza turubai. Akamshika Wilf makwapani. Wilf alikuwa amejitia mkono wake mwenyewe mdomoni, na wakati mguu uliposogea aliuma mpaka damu ikatoka, na hakutoa hata kilio cha paka.

Enoch alivuta kamba mara mbili. Kamba ikakaza. Turubai likaanza kuteleza juu ya tope, polepole, likichukua watu wawili waliokumbatiana kama watoto wanaoteleza kilimani. Nusu ya njia. Chini ya gari buti la Wilf likanasa kwenye gurudumu na chuma kikalia, *kang*.

Vijiko vikanyamaza.

"Vuta," Enoch alisema, kwa sauti, neno la kwanza alilolitamka tangu alipotoka handakini.

Wakavuta kama watu wenye wazimu. Bunduki ya rashasha iliamka, ikachana majani, ikachana ubao, ikachana kisigino cha buti la Enoch, lakini wakati huo magunia yalishawapokea, na wote wawili walimwangukia Lomax wakiwa rundo moja la tope.

Luteni alikuwa tayari kwenye simu. Alijua sasa kijihandaki kiko wapi na kimefika wapi, hatua kwa hatua, kuliko ramani yoyote. Mizinga iliyo nyuma yao ikafunguka. Ilikuwa kelele ya kiwanda na zaidi. Ardhi ilitetemeka, meno yaligongana, Sajini alikuwa anafoka na hakuna aliyemsikia, na kwa mara ya kwanza siku ile wafumaji wa Ramsclough walijisikia nyumbani.

Wilf alikuwa juu ya machela. Daktari alishamchoma sindano, na alishamwonyesha Enoch kidole gumba: mguu huenda usipone, mtu atapona. Wabebaji wawili waliinama kumwinua. Enoch alitoa kile kitabu kidogo mfukoni. Kilikuwa kimelowa pembeni na jalada limejaa tope, na hakikuwa kimefunguliwa. Akakiweka juu ya kifua cha Wilf, akakifunika kwa mkono wa mwenyewe.

Wilf alikipapasa, akamtazama. *Hukuchungulia?*

*Ulikuwa unapumua.*

*Hata ukurasa wa mwisho?*

*Wilf, umerudi,* midomo ya Enoch ilisema katikati ya radi ile yote. *Hatua thelathini zimekwisha. Utamwoa dada yangu?*

Wilf alilamba midomo iliyokauka. Kisha akatikisa kichwa.

*Siwezi.*

Mkono wa Enoch ulikuwa bado umeshika ubao wa machela, na wabebaji walikuwa wanamngoja auachie, na hakuuachia. Wilf akaona, akacheka bila sauti, akakifungua kitabu mwenyewe, akakiinua mpaka ukurasa wa mwisho ukawa karibu na kidevu chake, na midomo yake iliyopasuka ikaumba maneno moja moja, bila haraka, ili yasipotee hata moja.

*Nilipopewa likizo, mwezi wa pili, mimi na Hannah tulikwenda mji wa pili ambako hatujulikani. Mwalimu mkuu asijue. Sasa we niambie, Enoch, mtu anamwoa vipi mkewe mwenyewe?*